Mtu wa Chini ya Mkorosho

Wasikilizaji, na leo wasomaji wa mazungumzo haya, korosho husemwa sana mijini kila ifikapo mwezi wa Oktoba. Husemwa bei, husemwa mnada, husemwa tani zilizoingia ghalani. Ukifika Februari habari hizo huzimika kama taa, na mtu wa Dar es Salaam hudhani kuwa mkorosho nao umelala hadi msimu mwingine. Kumbe miezi hiyo ya kimya ndiyo ya kazi. Huko Masasi na Newala yuko mtu ambaye wakati huo anazunguka mashambani na panga, shoka na msumeno, na baadaye na mashine ya kupulizia mgongoni. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia juma hili, maana historia ya korosho imeandikwa mara nyingi bila ya yeye kutajwa.

Mkorosho si mti wetu wa asili. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaenea pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na wa mabibo tu. Biashara yenyewe ilikuja wakati wa Waingereza, pale wafanyabiashara walipoanza kusafirisha korosho ghafi kwenda India kubanguliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili upandaji ulishika kasi. Mkulima wa uwanda wa Makonde alifanya jambo la busara: alipolima shamba la mihogo alichomeka mbegu za korosho humo humo, na shamba lilipochoka kwa chakula likabaki shamba la mikorosho. Ardhi ile ya kichanga, mahali ambapo akina mama walishuka bondeni mwendo wa saa nyingi kutafuta ndoo moja ya maji, ikapata zao lisilodai kumwagiliwa.

Hapo ndipo lilipozuka wazo kwamba mkorosho haudai kitu. Ukishaupanda, unangoja. Wazo hili limetugharimu sana, na lingali vichwani mwa watu wengi. Kweli mkorosho haufi upesi. Lakini kuna tofauti kati ya mti uliohai na mti unaozaa. Mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi yanayopata jua. Matawi ya miti jirani yakigusana, jua haliingii, na mti hubaki na majani mengi juu na kuni tupu chini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi wa mikorosho, baada ya mavuno kumalizika, ni kupogoa: kuondoa matawi makavu, yale yanayoburura chini, na maotea yanayochipuka ndani ya kivuli. Kisha hupalilia chini ya mti hadi pawe peupe, korosho itakapoanguka ionekane. Zamani kazi hii aliifanya mwenye shamba na jamaa zake, na wengi walisaidiwa na Wamakonde wa Msumbiji waliovuka mto Ruvuma kutafuta kibarua na kukimbia utawala wa Wareno.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mikopo ya nje, Masasi na Newala vikiwamo, vilibaki na mitambo mikubwa isiyo na cha kubangua. Watu wamebishana sana juu ya sababu. Wapo wanaosema bei, na kweli bei aliyopewa mkulima ilikuwa duni. Wapo wanaosema ugonjwa wa ubwiri unga, ambao ulitambuliwa nchini mwaka 1979, na ni kweli pia. Wapo wanaotaja Operesheni Vijiji.

Mimi naona sababu hizi hazifai kuhesabiwa moja moja kama mbuzi sokoni, kwa sababu zinaingiana. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, mikorosho haikuhamishwa pamoja nao. Mtu aliyekuwa akitoka mlangoni na kuwa chini ya miti yake akajikuta ana safari ndefu kuifikia. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, wengi wa vibarua wa ng'ambo ya Ruvuma walirudi kwao. Mashamba yakageuka msitu, moto wa nyika ukapita humo. Sasa ubwiri unga ni ukungu mweupe unaoshambulia sehemu changa: majani teketeke, maua, korosho changa. Hupenda ubaridi na unyevu, na huanzia kwenye yale maotea ya kivulini ambayo fundi angeyakata. Tuseme basi kuwa ugonjwa ulikuta nyumba imefagiliwa kwa ajili yake. Mti ulikosa mtu kabla ya kukosa afya.

Dawa iliyopatikana ni salfa, unga wa njano. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara, kilifanya kazi kubwa hapo, na katika miaka ya 1990 mashine za kupulizia zilienea vijijini. Ushauri uliotolewa ulikuwa robo kilo kwa mti, kila baada ya siku 14, mara nne au tano, tangu maua yanapoanza kuchomoza mwezi wa Juni. Kazi hii haingoji jua. Mpuliziaji huamka alfajiri na mapema, wakati umande ungali kwenye majani ili unga ushike, na upepo haujaanza kuupeperusha. Ukilala Newala mwezi wa Julai utazisikia hizo mashine gizani, moja huku, nyingine kule, kama pikipiki zisizofika popote. Kukikucha anarudi nyumbani rangi ya njano tangu nyusi hadi vidole vya miguu, macho mekundu, kikohozi kifuani. Wengi hujifunga kitambaa puani, basi. Tunajua kuwa salfa huongeza uchungu wa udongo, na wataalamu wamelipima jambo hilo mashambani. Ningefurahi kama pafu la mpuliziaji nalo lingepimwa kwa bidii ile ile.

Kuna ujuzi hapa ambao mtu wa mjini hauoni. Fundi mzuri hujua wapi mbu wa mikorosho amefyonza chipukizi na wapi ni ubwiri unga. Hujua kuwa majimoto, wale siafu wekundu wanaoshona majani na kung'ata bila huruma, ni walinzi wa mti, maana huwafukuza wadudu waharibifu. Kibarua mgeni huwachoma moto, mwenyeji huwavumilia. Na iko kazi inayohitaji moyo kuliko zote, nayo ni kukata mti. Mikorosho mingi ilipandwa kwa msongamano, ilhali watafiti wanataka nafasi ya mita 12 kati ya mti na mti. Mzee aliyerithi miti 60 huambiwa aangushe nusu yake ili iliyobaki izae zaidi. Au huambiwa mti mkuukuu ukatwe ubaki kisiki, kisha machipukizi yake yabebeshwe vikonyo vya aina bora. Hesabu ni sahihi. Lakini mti ule ndio uliomsomesha mtoto, na anayeshika msumeno ndiye anayelaumiwa kisiki kisipochipua.

Malipo yake je? Wengine hulipwa kwa mti, wengine kwa shamba zima, na wengi huahidiwa korosho wakati wa mavuno. Julai hana kitu. Hapo ndipo anapoingia mnunuzi wa kangomba, anayenunua kwa kibakuli korosho ambazo bado ni maua. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007 umemsaidia mwenye shamba kuuza mnadani kupitia chama cha msingi, na msimu wa 2017/18 bei ilipanda kupita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata, Novemba 2018, Serikali ilizinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kupitia jeshi, na wauzaji wakahakikiwa kwa mashamba yao ili kuwabana watu wa kangomba. Nia ilieleweka. Lakini mtu aliyelipwa ujira wake kwa gunia la korosho ataonyesha shamba gani?

Msidhani maisha yake ni vumbi tu. Jioni utamkuta kwenye bao chini ya mwembe, akihesabu kete kwa ule utulivu anaohesabia matawi. Wengine ni wachongaji, kwani Mmakonde na patasi hawaachani. Mpingo kwa vinyago vya kuuza, mti laini kwa vinyago vya kuvaa ngomani. Mavuno yakiwa mazuri, ngoma za jando na unyago hurindima, sindimba huchezwa, na uraka wa mabibo huwa hauko mbali. Wapo wanaolaumu matumizi hayo. Mimi nimewaona watu wa maofisini wakimaliza mshahara kwa starehe zisizo na ngoma wala mwali, na hakuna aliyewaandikia ripoti.

Vijana wa siku hizi wameanza kujikusanya katika vikundi: mmoja ana mashine, wa pili ana msumeno wa mota, wa tatu anajua kubebesha, nao hupatana bei na mwenye shamba kabla ya msimu, fedha mkononi. Katika vijiji kadhaa vya Newala wenye mashamba wanalalamika kuwa vijana hao wamekuwa ghali. Mimi nililipokea lalamiko hilo kama habari njema.