Dhahabu ya Bibi Harusi na Akiba ya Uzeeni



Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Zilikuwa zimelala ardhini kwa karibu miaka 900. Mwenyewe aliziweka akiba, hakurudi kuzichukua.

Kiswahili chetu kimehifadhi historia hiyo: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Karne ya 19 visiwani zilipita riale za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye mwaka 1780 hata zilipochapwa miaka mingi baadaye. Oman mafundi waliziyeyusha wakatengeneza mapambo. Kekee na mitali ya bibi zetu haikuwa urembo mtupu. Ilikuwa mali inayovaliwa, na mahari kwa sheria ya dini ni ya mke mwenyewe, si ya baba wala ya mume.

Lakini tusidanganyane, akiba ya madini nayo huanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 wakia moja ya fedha iliuzwa London kwa kama peni 60. Katikati ya miaka ya 1890 ilikuwa karibu nusu yake. Aliyeweka vikuku vya fedha akapungukiwa huku amelala. Dhahabu pia: Januari 1980 wakia ilifika dola 850, ikashuka, na bei hiyo haikuonekana tena mpaka 2008. Miaka 28! Aliyenunua siku ile akiwa na miaka 40 alikuwa na 68 alipoiona tena, na dola zenyewe zilikuwa zimepungua nguvu.

Basi kwa nini mama zetu waliing'ang'ania? Kwa sababu walipima kwa shilingi. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, dola moja ilikuwa kama shilingi 7. Leo ni zaidi ya 2,000. Aliyefungia noti kwenye kanga na aliyefungia bangili hawakuzeeka sawa.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza: dhahabu ya karati 24 ndiyo safi, ya 22 ina asilimia 91.6, ya 18 ina asilimia 75. Kwa sonara uliza uzito kwanza, ndipo utazame nakshi, kwani ujira wa fundi unaulipa wakati wa kununua na hurudishiwi wakati wa kuuza. Seti ya harusi iliyojaa vito na nakshi ni furaha, hatukatazi; ila kwa uzee, bangili nzito isiyo na mbwembwe au kipande cha dhahabu kina faida zaidi. Nunua kidogo kidogo, miaka mingi, wala usiweke kila kitu humo.

Ukibadilisha ya zamani kwa mpya, usiongeze pesa juu ukaita biashara: dhahabu kwa dhahabu ni uzito sawa, mkono kwa mkono. Uza ya zamani, pokea pesa, kisha nunua. Zaka ni asilimia 2.5 ikifika nisabu, kama gramu 85, na ikitimiza mwaka. Mapambo ya kuvaa kwa kawaida Mashafii wengi hawayatolei zaka, Mahanafi huyatolea. Ya kuweka akiba ni zaka kwa wote.

Na mume akiomba dhahabu aanzishe duka? Kumpa ni hiari yako. Ukimkopesha, andikeni gramu, si shilingi, na mashahidi wawepo. Tumewaona wengi waliovua bangili kwa mapenzi, talaka ikaja, wakaambiwa ilikuwa zawadi.

Risiti na uzito wa kila kipande viandikwe kwenye daftari moja, na binti au dada mmoja unayemwamini ajue liko wapi.