Bila cheti, yeye si mke?

1/ Kila mjadala wa ndoa ukizuka, hakosi mtu wa kusema: "Kama hana cheti, asidai urithi." Haya, turudi nyuma kidogo.

2/ Huku Gesima, wazee wetu hawakuwa na cheti. Ng'ombe wa mahari walihesabiwa mbele ya koo mbili, na mke akavaa ebitinge, vikuku vya chuma miguuni. Watu wote walijua.

3/ Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika 1981, mke wa kimila alitambuliwa, hata kwenye uke wenza. Mwaka 1990 Waislamu wakaondolewa humo: mirathi yao ifuate sharia. Wanaweza kwenda kwa kadhi, bora pande zote ziwe za Waislamu na zikubali.

4/ Kwa kadhi nako nikahi ni walii, mashahidi na kukubaliana. Mjane hupata robo, au thumuni kama marehemu ameacha watoto.

5/ Basi mbona Sheria ya Ndoa ya 2014 ikataka ndoa zote zisajiliwe? Kwa sababu mashahidi hufa. Siku ya matanga shemeji anasema "hatukujui", na shamba la majani chai linakwenda. Cheti hakiundi ndoa, kinamlinda mjane. Sajilini mkiwa hai.