Kupatwa kwa Jua na Kumbukumbu za Wangoni

Watu wasioandika vitabu hawakosi kalenda. Huhesabu miaka kwa njaa, kwa nzige, kwa vita, na kwa mambo yatokeayo mbinguni. Katika historia ya Wangoni, mfano ulio bora ni ule wa kuvuka mto Zambezi. Mapokeo husema kwamba siku Zwangendaba wa ukoo wa Jere alipowavusha watu wake karibu na Zumbo, jua lilipatwa. Wataalamu walipopiga hesabu za mwendo wa jua na mwezi, waliona kuwa kupatwa huko kulitokea tarehe 20 Novemba 1835. (Vitabu vingine vimeandika tarehe 19; mwalimu asishangae akizikuta zote mbili.)

Yafaa tuitafakari faida ya tarehe hiyo. Safari ya Wangoni kutoka kusini ilichukua zaidi ya miaka 20, watu wakitembea, wakipigana, wakilima msimu mmoja hapa na miwili kule. Bila tarehe hata moja, masimulizi yake ni ushanga uliokatika uzi. Ikipatikana moja, mengine hupata mahali pa kufungwa: hili kabla ya mto, lile baada yake. Ndivyo tunavyoweza kupanga kifo cha Zwangendaba huko Ufipa katika miaka ya 1840, kutengana kwa watu wake, na ujio wa kundi la akina Zulu Gama katika nchi ya Songea.

Jua lilipatwa tena kusini mwa Tanzania siku ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016. Huko Rujewa, wilayani Mbarali, watu wengi walikusanyika, maana pete kamili ya jua ilionekana pale. Sisi tulikuwa shambani Mshangano, katika Manispaa ya Songea, na ndugu zetu waliofika kutoka Peramiho, Namtumbo na Mbinga. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, kwa hiyo ugali haukuwa tatizo. Mikeka ya kulalia wageni ndiyo iliyotuhangaisha. Shangazi alisimamia vyungu vya togwa kama amiri jeshi.

Karibu na saa sita mchana mwanga ulififia, na upepo ukawa wa baridi. Hatukuwaruhusu watoto kulitazama jua kwa macho matupu. Tuliwaonyesha kivuli cha mwembe: kila upenyo wa mwanga kati ya majani ulichora ardhini umbo la mwezi mchanga, mamia kwa mamia. Lakini giza halikuja. Mjukuu mmoja, mwanafunzi wa sekondari, akamgeukia baba mkubwa aliyekuwa ametusimulia usiku uliotangulia habari za Zambezi: “Babu, mbona hakukuwa usiku? Basi na ile ya mtoni ni hadithi tu.”

Mzee alinyamaza. Ukimya ule ulituuma, kwa sababu kijana alitumia ushahidi wa macho yake kuyafuta maneno ya vizazi vitano. Tulimweleza kwamba njia ya mwezi si duara kamili. Mwaka 2016 mwezi ulikuwa mbali na dunia, ukaonekana mdogo, ukashindwa kulifunika jua lote. Hata waliosimama katikati ya njia yake walibakiwa na pete ya mwanga. Songea ilikuwa kando ya njia hiyo, ikaona jua lililomegwa tu. Mwaka 1835 mwezi ulikuwa karibu zaidi, na kupatwa kukawa kamili. Kwa hiyo mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo.

Kijana aliuliza maswali mengine matatu, yote mazuri. Kisha akaleta daftari, akamwomba babu yake aanze tena, safari hii polepole, tangu mtoni hadi Songea, baba kwa mwana. Mzee alisimulia mpaka jioni. Shangazi, akiwa jikoni, alisahihisha majina mawili.