Gitaa Kavu

Tuseme unaandaa usiku wa bossa nova, muziki wa Brazili, mjini Lilongwe: ukumbi mdogo, mpigaji mmoja, nyimbo za Tom Jobim na João Gilberto. Unataka na watu wa Dzaleka waje, kutoka ile kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka mjini, ambako Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda wakikutana sokoni huelewana kwa Kiswahili. Kwenye bango utaliitaje onyesho lenyewe? "Muziki wa akustika" hauwaambii wengi kitu. "Muziki bila umeme" unaeleweka mara moja, ila unapotosha.

Bossa nova ni mtoto wa kipaza sauti. Gilberto aliporekodi "Chega de Saudade" mwaka 1958, aliimba kama anayezungumza na mtu aliyeketi ubavuni mwake, bila kuipaza sauti wala kuitetemesha. Bila mitambo, sauti ile isingevuka safu ya pili ya viti. Kisichotumia umeme ni gitaa. Kidole gumba kinapiga nyuzi za besi mfululizo, kikishika nafasi ya surdo, ngoma kubwa ya samba. Vidole vingine vitatu vinanyakua nyuzi kwa pamoja, mara vikiwahi pigo, mara vikichelewa. Mlio wote unazaliwa ndani ya kisanduku cha mbao. Wabrazili wenyewe hawachanganyi: gitaa hilo huliita violão, na guitarra kwao ni la umeme.

Sisi nasi tunalo jina, tena si la kubuni: gitaa kavu. Wanamuziki wa Kongo na Afrika Mashariki hulitumia, na aliyesoma Kifaransa atalitambua, kwa kuwa Wafaransa nao husema guitare sèche. Litaje mbele ya mzee wa Katanga, naye atakutajia mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga". Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na bado ukisikiliza utadhani wapigaji ni wawili. Nyuzi zake zilikuwa za chuma, za Gilberto nailoni. Istilahi inawabeba wote. Inawabeba hata Madalitso Band, wale wawili waliopiga miaka mingi katika mitaa ya Lilongwe kwa gitaa, ngoma ya mguuni na babatoni, besi ndefu ya uzi mmoja.

Ila kwenye bango usikate neno ukaandika "onyesho kavu". Kavu ikiachwa peke yake inafanana na ugali mkavu, na watu watabaki nyumbani. Wala usiandike "onyesho la faragha" kwa kuwa ukumbi ni mdogo: faragha inafunga mlango. "Onyesho la sebuleni" linatosha, na lina ukweli wa kihistoria, maana vijana wa bossa nova walikutana sebuleni kwa kina mwimbaji Nara Leão, Copacabana, Rio de Janeiro.

Faida ya "gitaa kavu" utaiona kabla ya onyesho. Katika tamasha kama la Tumaini, lililoanzishwa Dzaleka mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, mkimbizi kutoka Kongo, wapigaji hupokezana jukwaa. Mwambie fundi mitambo kwamba anayefuata ana gitaa kavu. Ataacha waya wa kuchomeka, na atasogeza kipaza sauti mbele ya tundu la gitaa.