Kutoka Bagamoyo hadi Kariakoo: Nani Aliyebeba Mtumba?

Neno "posho" limechafuka katika nchi yetu. Linapotajwa, msomaji huona ukumbi wenye kiyoyozi, chupa za maji mezani na karatasi ya kusaini inayozunguka saa kumi jioni. Hivi karibuni nami nilisaini karatasi ya namna hiyo mjini Bagamoyo, katika warsha iliyokwisha siku ya Ijumaa. Badala ya kurudi Dar es Salaam usiku ule, nilibaki kumsubiri mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa safarini kutoka Tabora kuja kununua nguo za mitumba. Ana shahada ya uchumi. Ameomba kazi kwa miaka minne, na sasa ana meza ya nguo na viatu mjini kwao. Tulikubaliana kwamba Jumamosi atembee nami ufukweni, na Jumapili nimsindikize sokoni nikamsaidie kupatana bei. Ninayoyaandika hapa yametokana na siku hizo mbili, na sehemu yake hainifurahishi.

Tulianza kutembea asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, kutoka soko la samaki kuelekea kusini hadi Kaole. Ni mwendo wa kilomita tano hivi. Mchanga hukatizwa na mikoko, na mara mbili ilitubidi tuvue viatu ili tuvuke vijito. Kaole kuna magofu ya misikiti na makaburi yenye nguzo, ushahidi kwamba watu wa mwambao huu walifanya biashara ya baharini karne nyingi kabla ya Mjerumani kujenga boma lake Bagamoyo. Lakini mpwa wangu hakuvutiwa sana na makaburi. Aliuliza swali la mfanyabiashara: "Mjomba, bidhaa zikishateremshwa hapa, zilifikaje kwetu?"

Zilifika kichwani na begani. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango mkuu wa njia ya misafara iliyokwenda Tabora, na kutoka huko hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, na barabara za magari ya kukokotwa hazikuwapo. Kila kitu kilibebwa na mwanadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na safari ya kufika Tabora ilichukua takribani miezi mitatu. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga na waya vikapanda bara.

Nguo iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa merikani. Jina lenyewe linaeleza ilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo Zanzibar. Pamba iliyofumwa katika viwanda vya Marekani ilikuja ikawa fedha ya Unyamwezi. Henry Morton Stanley, alipojiandaa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kwanza aliketi Zanzibar akapiga hesabu za doti: merikani kiasi gani, kaniki kiasi gani, ili watu wake waweze kununua chakula njiani. Hicho ndicho kilichoitwa posho: sehemu ya nguo au shanga aliyopewa mpagazi ili akanunulie chakula. Msomaji mtumishi wa umma na aelewe kwamba neno analolisaini katika warsha lilikuwa kwanza la mtu mwenye mzigo kichwani.

Neno la pili ni "mtumba". Wengi wetu hudhani ni neno la miaka ya themanini, wakati masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje yalipolegezwa na nguo kuukuu za Ulaya na Marekani zikajaa masokoni. Kamusi za kale za Kiswahili zinasema vingine. Mtumba ulikuwa furushi la nguo au bidhaa lililofungwa ili libebwe na mpagazi. Nguo zimebadilika: zamani mpya, sasa zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Lakini jina tunaloliitia vazi letu ni jina la mzigo, na mzigo haukosi mchukuzi.

Watembeza wageni wa Bagamoyo hupenda kueleza kwamba jina la mji ni "bwaga moyo", kilio cha mtumwa aliyekata tamaa. Sipuuzi maumivu hayo. Watumwa walipita pale na waliuzwa pale. Hata hivyo bandari iliyotawala biashara ya watumwa katika mrima wetu ilikuwa Kilwa Kivinje, ilhali Bagamoyo iliishi zaidi kwa pembe, na pembe zilibebwa kwa wingi na watu wa kuajiriwa, hasa Wanyamwezi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake kuhusu wapagazi kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wenye ujira, wenye viongozi wao, na wenye mila za kazi. Walipatana malipo kabla ya safari. Posho ikipunguzwa waligoma, na tajiri akizidi ukali walitua mizigo wakaondoka. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda Pwani kulikuwa alama ya utu uzima. Ndiyo maana maelezo ya pili ya jina la mji, kwamba hapo ndipo mpagazi alipobwaga moyo baada ya kutua mzigo, nayaona yana uzito.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu tukirudi, jua likiwa kali na bahari ikianza kujaa. Nilizungumza kama ninavyozungumza darasani. Nilisema kwamba vitabu vyetu vya shule vimemgeuza mpagazi kuwa kivuli nyuma ya Mzungu mvumbuzi, na kwamba heshima ya kazi ya mikono ndiyo mtihani wa jamii. Alinisikiliza kwa adabu.

Jumapili tulikwenda kwanza Ilala, kwenye soko la mitumba la Karume, kisha tukavuka kuingia Kariakoo. Na hapa historia ya wapagazi ina sura yake ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ingeonekana kwamba mchukuzi sasa angepumzika. Mwaka huohuo wa 1914 vita ikazuka, na kusini mwa nchi hakukuwa na reli ila msitu, mito na mbung'o. Majeshi yote mawili yakarudi kwenye kichwa na bega la Mwafrika, safari hii bila kupatana bei. Waingereza walikusanya wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika maeneo yao na yale waliyoyateka. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 95,000, na wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Wale waliochukuliwa na Wajerumani hawakuandikwa kwa ukamilifu.

Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi cha wapagazi, "Carrier Corps", kiliweka kambi mahali ambapo sasa ni kitovu cha biashara yetu. Ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Nenda katikati ya jiji utaiona sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, bunduki mkononi. Maandishi yake huwataja wapagazi pia, lakini sanamu ni ya askari. Mpagazi hakupata shaba. Alipata jina la soko, na wauzaji na wanunuzi wake wengi hawajui kwamba kila siku wanamtaja.

Sokoni nilikuwa hodari. Mpwa wangu huchagua nguo kwa jicho la fundi: hugeuza mshono, hunusa kitambaa, hutazama kola dhidi ya mwanga. Kazi yangu ilikuwa kushangaa bei, kuondoka hatua tatu, kisha kuitwa nirudi. Kwa saa nne tulipunguziwa karibu kila kitu, na nilijisikia kijana. Tulipomaliza tulikuwa na furushi kubwa, lililofungwa kwa kamba, la kupelekwa hadi ofisi ya vifurushi ya basi upande wa pili wa Kariakoo.

Kijana mmoja mwembamba alijitokeza. "Mzee, elfu tano nakufikishia." Nikacheka. Nikamwambia elfu moja na mia tano. Akasema njia ni ndefu na jua ni kali. Nikaondoka hatua tatu. Tukaishia elfu mbili. Alijitwika, shingo ikakaza, akatangulia mbele yetu akipiga kelele watu wapishe. Nilimfuata huku mikono yangu ikiwa mitupu. Njiani nilimuuliza kama wana chama chao au bei waliyokubaliana. Alijibu bila kugeuka kwamba kila mtu na shingo yake.

Alipotua mzigo nilimlipa elfu mbili, akashukuru, akapotea katika umati. Tulipokuwa tukingoja risiti ndipo mpwa wangu aliponiambia kwa sauti ya chini, akitazama sakafu: "Mjomba, unisamehe. Nilimwongezea elfu tatu." Alikuwa amezitoa kwenye mtaji wake. Mimi nilikuwa na posho ya siku mbili mfukoni, na sikuwa nimemnunulia hata maji.

Sisimulii haya ili nionekane mnyenyekevu. Nayasimulia kwa sababu kosa langu lina historia. Tumejifunza kupatana bei ya bidhaa na bei ya shingo ya mtu kwa ulimi uleule, kana kwamba ni kitu kimoja. Muuza shati alipokubali bei yangu, alikuwa ameshajua faida yake. Mbeba mzigo hana bei ya kununulia wala faida ya kuficha. Ana mwili, na njaa ya siku hiyo ndiyo inayompangia. Mpagazi wa Bagamoyo alikuwa na nguvu moja ambayo kijana yule hana: alipatana akiwa pamoja na wenzake, na walijua kutua mizigo kwa pamoja.

Hata mijadala yetu mikubwa humruka. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia upendeleo wa soko la AGOA, na Rwanda pekee ikashikilia msimamo hadi mwaka 2018 iliposimamishiwa upendeleo huo kwa mavazi. Tulibishana kuhusu viwanda, ushuru na Washington, na ilikuwa haki tubishane. Sikumsikia mtu akiuliza atakayeubeba mzigo, wa kiwanda chetu au wa nje, atalipwaje.

Kwenu mnaotunga sheria ndogo za masoko: tunapanga maeneo ya wauzaji, vizimba na ushuru wa magari. Mpangieni pia mbeba mizigo kivuli cha kupumzikia na kiwango cha malipo kilichobandikwa ukutani ili mtu kama mimi akisome kabla hajafungua mdomo. Kwenu wanaharakati: kijana anayesema "kila mtu na shingo yake" anahitaji chama kabla ya semina. Na kwenu wanafunzi wangu: waulizeni wazee nyumbani nani katika ukoo alikwenda Pwani, na nani alichukuliwa vitani asirudi. Majina hayo hayako katika sanamu yoyote.

Mpwa wangu amefika Tabora salama na mzigo wake. Nimemtumia elfu tatu kwa simu. Amezirudisha, akaandika kwamba zile hazikuwa deni langu kwake.