Mkono Usio na Bangili: Picha ya Familia ya Mwaka 1938 na Jinsi Tulivyoipiga Upya Nyumbani

Kamati ya Maadhimisho ya hekalu letu iliziomba familia zote zilete picha za kale ili zitundikwe ukumbini katika juma la sherehe. Ombi hilo lilitufanya tufungue sanduku la bati lililokuwa limefungwa kwa miaka mingi. Ndani yake, ikiwa imefungwa katika sari kuukuu ya pamba, tulikuta picha ya familia yetu iliyopigwa Tanga mwaka 1938, asubuhi ya mwaka mpya wa Kigujarati, siku inayofuata Diwali.

Picha hiyo ilikuwa imeharibika. Unyevu wa pwani ulikuwa umekula pembe mbili, na wadudu wametoboa kifua cha babu yetu. Kuitundika ukumbini isingefaa. Ndipo tukakubaliana jambo ambalo mwanzoni tulilifanya kama mchezo wa kuwafurahisha wajukuu: kuipiga upya nyumbani, kwa mavazi yale yale, kwa mpangilio ule ule na kwa sura ile ile ya zamani. Hatukujua kwamba, kwa kuipanga upya, tungelazimika kuisoma picha hiyo kwa mara ya kwanza.

Inafaa kwanza tueleze picha za namna hii zilikujaje kwetu. Ufundi wa picha ulitangazwa rasmi Ufaransa mwaka 1839, kwa njia ya Daguerre, na haukuchukua miaka mingi kuvuka bahari hadi Bombay na hadi Unguja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio mjini Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, Mgujarati, alifungua hapo hapo Unguja studio iliyoitwa Capital Art Studio, ambayo mwanawe aliiendeleza baada yake. Mombasa nayo ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambako Waswahili, Wahindi na watu wa kila jamii walikwenda kupigwa picha wakiwa wamevaa mavazi yao mazuri kuliko yote. Kwa hiyo sanaa hii ya kupanga watu mbele ya kamera haikuwa mali ya Wazungu peke yao katika pwani yetu. Baba zetu walikuwa mafundi wake.

Hata hivyo, wanawake wa nyumba nyingi za Kihindu za wakati ule hawakupenda kwenda studio, na wazee wao hawakupenda waende. Mpiga picha aliitwa nyumbani. Alikuja na msaidizi aliyebeba stendi ya miguu mitatu, sanduku la kamera, mabamba ya kioo, zulia na pazia lililochorwa nguzo na bustani. Pazia lilitundikwa barazani, kiti kirefu kikatolewa ndani, meza ndogo ikafunikwa kitambaa cha lesi, juu yake ikawekwa saa na kopo la maua. Kila kitu kilikuwa na neno lake. Saa ilisema kwamba mwenye nyumba ni mtu wa kazi. Fimbo ilisema kwamba ni mtu wa heshima. Kitabu mkononi mwa kijana kilisema kwamba katika nyumba hii watoto husomeshwa, hata kama kitabu chenyewe kilikuwa daftari la madeni ya duka.

Katika picha yetu wanaonekana watu 11. Katikati ameketi babu, kilemba kichwani na fimbo mkononi. Kando yake ameketi bibi, amefunika kichwa, na mapajani mwake yupo mtoto mchanga, ambaye ndiye baba yetu. Nyuma wamesimama ndugu wawili wa babu pamoja na wake zao, na chini kwenye zulia wameketi watoto wanne.

Wajukuu wetu walipokuwa wakigawana nafasi, kulizuka kicheko kikubwa. Katika nyumba zetu za Kigujarati, dada ni babu mzaa baba, kaka ni ndugu wa baba, na mama ni mjomba. Rafiki wa mjukuu wetu, mtoto wa jirani, alipoambiwa kwamba yule mzee mwenye kilemba na sharubu ni Dada, na kijana aliye nyuma yake ni Kaka, alitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa adabu kama Mama naye ana sharubu. Tulimjibu kwamba Mama alibaki Porbandar, na sharubu zake zilikuwa kubwa kuliko hizi.

Baada ya kicheko tulianza kazi. Anayetaka kupata sura ya picha ya kale lazima ajue kwa nini picha hizo zilikuwa na sura hiyo. Watu wa zamani hawakununa kwa sababu walikuwa na huzuni. Mabamba ya kioo yalihitaji mwanga mwingi, na mpiga picha alipotaka nyuso za mbele na za nyuma zionekane sawasawa, alilazimika kuliacha jicho la kamera wazi kwa sekunde nzima au zaidi. Tabasamu haliwezi kukaa bila kutikisika kwa muda huo, lakini mdomo uliofungwa unaweza. Vivyo hivyo mikono iliwekwa juu ya magoti au juu ya bega la mwenzio ili ipate pa kutulia.

Tena, mabamba waliyoyatumia wapiga picha wengi wa zama hizo hayakuhisi rangi nyekundu, na ndiyo sababu waliweza kuyasafisha chini ya taa nyekundu. Kwa hiyo alama ya kumkum kwenye paji la uso la bibi inaonekana nyeusi kama wino, na sari yake ya harusi, ambayo tunajua ilikuwa nyekundu, inaonekana kama ya usiku. Leo mtu akitumia simu na kuondoa rangi zote kwa mpigo mmoja, hapati sura hiyo. Lazima kwanza afifishe mwanga wa rangi nyekundu na kuongeza wa rangi ya bluu. Ama rangi ya hudhurungi ambayo wengi hudhani ni uzee, mara nyingi si uzee. Mpiga picha aliitia kwa makusudi, kwa kuigeuza fedha iliyo katika karatasi kwa dawa yenye salfa, ili picha idumu zaidi.

Tulipiga yetu barazani saa tatu asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vichwa na kuyatia macho kivuli. Pazia lilikuwa shuka mbili zilizoshonwa pamoja, ambazo wajukuu walizichora nguzo kwa mkaa. Simu tuliiweka kwenye stendi mbali kidogo, kwenye kimo cha kifua cha aliyeketi, kwa maana ikisogezwa karibu sana huwavuta na kuwapanua waliokaa pembeni.

Mjukuu aliyepewa kazi ya kulinganisha kila mkao na picha ya zamani ndiye aliyetuuliza swali ambalo hatukuwa nalo jibu: huu mkono ni wa nani?

Tulichukua kioo cha kukuzia maandishi. Kati ya kiwiko cha bibi na ubao wa kiti kulikuwa na mkono uliomshika mtoto chini ya kwapa ili asianguke. Sisi sote, kwa miaka yote, tulidhani ni mkono wa bibi. Lakini mikono miwili ya bibi ilikuwa mahali pengine, mmoja juu ya goti na mwingine juu ya miguu ya mtoto, na yote miwili ilikuwa imejaa bangili hadi karibu na kiwiko. Kila mwanamke katika picha alikuwa na bangili. Mkono huu haukuwa na hata moja.

Tulimpigia simu shangazi yetu aliyeko Leicester, ambaye amekwisha kupita miaka 90 na ambaye katika picha ni mmoja wa wale watoto wanne wa chini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Huyo ni Foiba. Mtoto hakunyamaza kwa mtu mwingine.”

Foiba alikuwa dada yake babu. Aliolewa Porbandar akiwa msichana mdogo na akafiwa na mume kabla ya kutimiza miaka 20. Kwa desturi ya siku zile bangili zake zilivunjwa, kumkum ikafutwa, akavishwa nyeupe, na akawa mtu ambaye hakutakiwa aonekane penye heri: arusini, kwenye ufunguzi wa duka, wala asubuhi ya mwaka mpya. Sheria ya kuwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena ilikuwa imepitishwa India tangu mwaka 1856, yaani kabla hata baba yake hajazaliwa, lakini sheria ilikuwa katika vitabu na desturi ilikuwa mlangoni. Babu alimleta Tanga ili asaidie nyumbani. Bibi alipougua baada ya kujifungua, Foiba ndiye aliyemlea baba yetu usiku na mchana. Na ilipofika siku ya picha, alipiga magoti nyuma ya kiti, akapitisha mkono mmoja, akainamisha kichwa.

Tunajua sasa kwamba hakuwa peke yake duniani. Katika karne ya 19 wapiga picha wa Ulaya na Marekani waliwafunika akina mama kwa shuka wakati wa kuwashika watoto wachanga, ili mtoto atulie na mshikaji asionekane. Lakini mama wa Ulaya alifichwa kwa dakika chache, kwa ajili ya picha tu. Foiba hakufichwa na mpiga picha.

Shangazi alituambia pia kwamba kwa miaka mingi ladu zilizotolewa kama prasad katika hekalu letu zilikandwa kwa mkono huo. Tulikwenda kulitazama tena bamba la marumaru lililoko mlangoni. Jina la babu lipo pamoja na shilingi alizotoa. La Foiba halipo. Hatusemi haya kwa kulaumu. Bamba hilo liliandikwa na watu wa zama zao, nasi tumepita mbele yake maisha yetu yote bila kuuliza.

Basi siku ya kupiga picha kila mtu alikuwa mahali pake, isipokuwa mama yetu. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba, na ni mjane wa yule mtoto mchanga wa mwaka 1938. Hakuna aliyemfukuza, wala katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumwambia neno. Hata hivyo tulimkuta amesimama kwenye mlango wa jikoni. Tulipomwita akasema: “Anzeni ninyi. Mimi nitamshika mtoto.”

Mwenye kamera hakujua la kufanya, nasi hatukujua. Baadhi yetu walisema kwamba tumekusudia nakala iliyo sawa na ya zamani, na historia haibadilishwi. Wengine walisema kwamba hatuwezi kurudia kosa kwa kisingizio cha historia. Palikuwa na maneno kidogo, na vilemba vilianza kulegea.

Aliyetutoa katika mkwamo huo ni mama mwenyewe, kwa kutukumbusha Nathdwara. Mahujaji wetu wanaujua mji huo wa Rajasthan, palipo na Shrinathji. Wachoraji wa huko walikuwa na desturi ya kukata nyuso za familia kutoka katika picha za kamera na kuzibandika katika mchoro, ili familia ionekane imesimama mbele ya Bwana siku ya sikukuu, hata kama siku hiyo haikuwapo. “Hakuna aliyewaita waongo,” alisema. “Walionyesha mahali ambapo watu wale walistahili kuwapo.”

Kwa hiyo tulipiga picha mbili. Katika ya kwanza mpangilio ni ule ule wa mwaka 1938. Mama aliketi kwenye kigoda nyuma ya kiti cha mkaza mwana wake, akapitisha mkono, akamshika kitukuu chake. Katika ya pili kiti cha katikati ni chake, na kitukuu yuko mapajani mwake, macho yote mbele. Binti zetu walimletea bangili za glasi, nyekundu na kijani. Alizishika, akazisifu, akazirudisha. Alisema mkono wake umezoea hivyo, na kwamba kuketi katikati kunatosha kwa leo. Tuliheshimu neno lake. Kwa hiyo katika picha zote mbili mkono ni mtupu, lakini katika ya pili unaonekana ni wa nani.

Picha hizo tatu, ya zamani pamoja na mbili mpya, zitakuwa ukumbini upande wa kushoto mwa mlango. Chini ya ile ya mwaka 1938 tumeandika majina 12. La kumi na mbili shangazi alitutajia kwa simu, maana Foiba si jina. Ni cheo tu cha dada wa baba, na sisi tulikuwa hatujawahi kulisikia jina lake.

Tunawaomba waumini wenzetu wenye picha za kale wazitoe masandukuni kabla unyevu haujamaliza kazi yake, wakae na wazee waliobaki, nao waulize juu ya kila uso. Na baada ya nyuso, wahesabu mikono.

Wema hauozi, walisema wahenga. Karatasi huoza.