Zomeazomea ya Kariakoo

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kung'arisha ngozi na suruali za kubana zitapigwa vita Dar es Salaam. Ikaitwa Operesheni Vijana. Makundi ya wanaume hayakungoja tarehe hiyo. Kariakoo wasichana walishushwa mabasini, wakazomewa, wengine wakapigwa na kuchaniwa nguo, hadi polisi wakaja kuwatawanya wazomeaji. Magazetini nako barua za wasomaji zikamiminika kwa miezi, nyingi zikiwabeza waliovaa mini, nyingine zikiwatetea.

Huwa tunaambiwa kwamba dhihaka ya namna hii ni ugomvi wa wazee na vijana. Kariakoo inakanusha. Waliopitisha marufuku walikuwa vijana, na wengi wa waliozomea walikuwa vijana. Kilichowatenga na waliozomewa ni riziki. Jiji lilikuwa limejaa wanaume waliotoka mikoani kutafuta kazi wasiipate, huku wasichana wachache waliosoma wakianza kuajiriwa ukarani na uchapaji. Machoni pa wanaume hao, mwenye mini alikuwa msichana huyo mwenye kazi: ana mshahara wake, ana nauli yake, hamwombi baba wala mume ruhusa ya kununua nguo. Ndiyo maana shutuma moja ilirudiwarudiwa, kwamba kazi amepewa na bosi kwa ajili ya umbo lake. Kumzomea hakukugharimu kitu, na kwa dakika chache asiye na kazi aligeuka hakimu wa aliye nayo. Hapo ndipo naona utamu wa kuzomea.

Wapo watakaosema kwamba nchi changa ilikuwa ikilinda utamaduni wake dhidi ya kasumba ya kikoloni. Hoja hii ina uzito, hasa kwa zile dawa za ngozi, ambazo kweli zilidhuru. Lakini miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwashinikiza Wamaasai waache lubega wavae suruali na mashati: vazi la kigeni likahesabiwa maendeleo kwao, na usaliti Kariakoo. Hata kanga, tunayoiita vazi la heshima, ilikuwa mtindo mpya wa wanawake wa mjini Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wakiwemo waliotoka utumwani baada ya 1897, na vitambaa vyake vilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi na India. Waliocheza ngoma ya beni nao, na sare zao za kijeshi na vyeo vyao vya kifalme, walidharauliwa kuwa waigaji wa Wazungu, kumbe ndani ya vikundi vile watu walisaidiana na kuzikana.

Wengine watasema ulikuwa utani tu. Utani tunaujua, na una sheria: Mzaramo humtania Mnyamwezi akijua zamu yake ya kutaniwa inakuja. Msichana aliyezungukwa na umati kituoni hakuwa na zamu.

Baadaye zilikuja suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, kisha suruali za mlegezo, na kila mtindo ukapata wazomeaji wake. Anayeandika historia ya Dar es Salaam asiwaweke wasichana wa 1968 kwenye ukurasa wa vichekesho. Awaweke pamoja na watu waliodai haki ya kufanya kazi na kutembea mjini bila kuguswa.